Njia ya baiskeli ipimwe kwa upana wa guta

Mfanyabiashara anayetoka Bukavu, Kampala, Bujumbura au Lubumbashi kwenda kununua bidhaa Kariakoo hupiga hesabu nyingi kabla hajafunga safari. Huhesabu nauli, kubadilisha fedha, ushuru, gharama za lori na siku za kulala gesti. Kuna gharama moja ambayo huingia kwenye daftari mwishoni kabisa, mara nyingi chini ya jina la "mengineyo". Hiyo ni gharama ya kuutoa mzigo mlangoni kwa muuzaji na kuufikisha mahali unapofungwa na kupakiwa kwenye lori au basi. Kwa umbali ni kipande kifupi kuliko vyote vya safari. Kwa fedha, muda na hatari inayolipwa kwa kila hatua, ni kipande ghali.

Sababu yake haihitaji mtaalamu. Lori la masafa marefu hugawa gharama zake kwa tani nyingi na kwa kilomita zaidi ya elfu. Katikati ya Kariakoo hakuna mgawanyo wa namna hiyo. Marobota ya vitenge, katoni za viatu na magunia ya vyombo hutoka dukani kichwani kwa mpagazi, kwenye mkokoteni, kwenye baiskeli au juu ya guta, kidogo kidogo. Mwendesha guta akikwama nyuma ya gari lililoegeshwa vibaya, dakika zake hulipwa na mwenye mzigo. Akigongwa na kirikuu akijaribu kulikwepa gari hilo, hasara ni kubwa kuliko mzigo.

Kwa hiyo mjadala wa njia za baiskeli zilizokingwa, unaoendelea katika miji mingi ya Afrika Mashariki, usiachiwe wapenda michezo na wahandisi peke yao. Ni mjadala wa biashara ya mipakani. Njia ya baiskeli inayojengwa kwa kumfikiria mtu mmoja mwepesi aliyevaa kofia ngumu haimsaidii anayesukuma kilo mia mbili za bidhaa. Njia inayojengwa kwa kumfikiria huyu wa pili humfaa na yule wa kwanza.

Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa jiji hilo tayari limejaribu. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka, ambayo wakazi huyaita mwendokasi, yalianza kutoa huduma katika awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 21 hivi, mhimili wake ukiwa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Morocco na Kariakoo Gerezani. Mradi huo haukuishia kwenye mabasi. Katika sehemu kubwa ya njia hiyo zilijengwa pia njia za watembea kwa miguu na za baiskeli, zikatengwa na magari kwa ukingo na kuinuliwa juu ya usawa wa lami. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilikuwa jiji la kwanza barani Afrika kupewa Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu.

Heshima hiyo ilistahili. Hata hivyo, anayepita leo kwenye njia hizo kwa baiskeli atakutana na mambo matatu yanayompunguzia faida. La kwanza, njia imegeuzwa kuwa ya kila kitu: bodaboda huikatisha ili kukwepa foleni, magari huegeshwa juu yake, wachuuzi hupanga bidhaa. La pili, njia hukatika pale inapohitajika zaidi, yaani kwenye makutano, kwenye viingilio vya vituo vya mafuta na karibu na vivuko vya abiria. La tatu halitajwi sana, nalo ndilo linalomhusu zaidi mfanyabiashara: baadhi ya nguzo fupi, kona na miinuko iliwekwa kwa kufikiria baiskeli tupu. Guta lililopakiwa halipiti. Mwendeshaji hurudi kwenye lami, katikati ya malori na mabasi, mahali ambapo njia ile ilijengwa kumtoa.

Matatizo haya si ya kudharau, lakini pia si ushahidi kwamba njia za baiskeli hazitufai. Ni matatizo ya usanifu, na usanifu unaweza kurekebishwa. Jambo la kwanza la kukubaliana ni maana ya neno "kukingwa". Mstari wa rangi nyeupe juu ya lami haumkingi mtu. Humweleza dereva mwema mahali pa kutopita, na dereva mwenye haraka humpa mahali pa kuegesha. Kinga ya kweli ni kitu ambacho tairi la gari likikigusa linajua: ukingo wa zege, tofauti ya kimo, mstari wa miti, au nafasi ya maegesho iliyowekwa kati ya magari yanayokwenda na njia ya baiskeli. Ukingo huo uwe na mapengo ya kupitisha maji, maana katika miji yetu ya mvua kubwa ukingo usio na mapengo hugeuza njia ya baiskeli kuwa mtaro.

Kinga ina uzito zaidi kadiri mwendo wa magari unavyoongezeka. Mtu anayegongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kupona. Likifika 50, ambayo ndiyo kikomo cha mijini nchini Tanzania, nafasi hiyo hupungua sana. Kwa hiyo kwenye mitaa ya ndani ya soko, ambako magari hutambaa, pengine ukingo hauhitajiki. Zinahitajika alama, matuta na mwendo wa chini unaosimamiwa. Kwenye barabara kubwa kama Morogoro, Nyerere, Kilwa au Mandela, kuchora mstari na kuuita njia ya baiskeli ni kuwahadaa watu.

Jambo la pili ni upana. Mwendesha baiskeli huhitaji nafasi ya mita 1 hivi, akihesabiwa pamoja na kuyumba kwake kwa kawaida. Wasanifu wengi husema njia ya upande mmoja kwenye barabara kubwa isipungue mita 2, ili mwenye kasi ampite mwenye pole bila kushuka. Hesabu hiyo inatosha pale ambapo baiskeli hubeba mtu. Haitoshi pale zinapobeba soko. Chukua guta ambalo jukwaa lake la mbele lina upana wa mita 1.2 na mzigo umejitokeza kidogo pembeni. Weka baiskeli inayolipita, kisha acha nafasi kati yao. Utafika mita 2.5 bila kuongeza chumvi. Huo ndio upana unaofaa katika barabara zinazolisha masoko: kuzunguka Kariakoo, kando ya Ilala, Buguruni na Manzese, na kuelekea Ubungo, palipokuwa stendi kuu ya mabasi ya mikoani na ambapo sasa kimejengwa kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji cha Afrika Mashariki.

Upana bila kona nzuri ni kazi nusu. Guta halikunji kama baiskeli, na halipandi ukingo. Pale njia inaposhuka kuvuka mtaa na kupanda tena, mteremko uwe wa taratibu, maana mzigo wa kilo mia mbili ukishaanza kuteremka hausimamishwi kwa breki za baiskeli. Kifuniko cha shimo la maji taka kikiwa juu ya usawa wa njia kwa vidole viwili tu, ni kero ndogo kwa mwenye gari. Kwa mwenye guta ni mhimili kuvunjika na katoni kumwagika barabarani.

Jambo la tatu, na zito kuliko yote kwa maisha ya watu, ni makutano. Mwendesha baiskeli aliyekingwa kwa kilomita mbili kisha akaachwa peke yake kwenye njia panda amelindwa pale palipokuwa na hatari ndogo. Ajali inayotisha zaidi hutokea lori linapokata kona kuingia mtaa wa kushoto huku baiskeli ikiwa pembeni yake ikinyoosha moja kwa moja. Dereva akiwa juu kwenye kibini, kuna eneo kando ya lori ambalo hata vioo vyake havimwonyeshi.

Katika ukanda wetu hatari hiyo ina sura ya ziada. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha upande wa kulia. Dereva wa lori la mizigo ya transiti hubadilisha upande akivuka Rusumo au Kabanga, na jicho lililozoea kuitafuta baiskeli upande mmoja hutakiwa ghafla kuitafuta upande wa pili. Wengi hufanya hivyo kwa ustadi kila wiki. Lakini barabara iliyosanifiwa vizuri haiachi uhai wa mtu utegemee kioo cha dereva aliyeendesha usiku kucha.

Dawa zake zinajulikana. Kona ya barabara ifanywe kali ili lori lipunguze mwendo kabla ya kukata. Njia ya baiskeli ivuke mtaa wa pembeni kwa kuinuliwa kama tuta pana, ili gari ndilo lipande na baiskeli isishuke. Kwenye taa za kuongozea magari, baiskeli na maguta yapewe mahali pa kusubiri mbele ya mstari wa magari, mahali ambapo dereva anawaona, na pale penye malori mengi taa yao iwake kwanza kwa sekunde chache. Kituo cha daladala kikiwa pembeni mwa barabara, njia ya baiskeli ipite nyuma ya kituo, si kati ya kituo na basi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji teknolojia ya ajabu. Vinahitaji kuchorwa mapema kwenye ramani, kabla zege halijamwagwa.

Jambo la nne ni kuwapa nafasi wote ambao leo wanaikalia njia ya baiskeli. Mwenye duka anayepakua mzigo juu ya njia hiyo hafanyi hivyo kwa ukaidi. Amejengewa barabara isiyo na mahali pa kupakulia. Ukimfukuza asubuhi atarudi mchana, maana bidhaa lazima zishuke. Usanifu mzuri humtengea sehemu ya kupakua kila baada ya maduka kadhaa, pamoja na saa zinazojulikana za kufanya hivyo. Vivyo hivyo kwa machinga. Kibaraza kipana chenye sehemu iliyochorwa kwa ajili ya meza ndogo hulinda njia ya baiskeli vizuri zaidi kuliko askari wa jiji anayekuja mara moja kwa wiki na rungu.

Suala la bodaboda ni gumu zaidi, na halifai kurahisishwa. Nguzo fupi zikisogezwa karibu hadi gari lisipite, pikipiki itapita. Zikisogezwa zaidi ili pikipiki isipite, guta nalo halitapita, na mwenye ulemavu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu atakwama hapo hapo. Nafasi inayopitisha mzigo itapitisha pikipiki, na pengine bajaji. Hakuna chuma kinachoweza kutofautisha injini na miguu. Kwa hiyo sehemu hii ya kazi ni ya watu: trafiki wanaosimamia njia hizo mfululizo mpaka mazoea yabadilike, maegesho rasmi ya bodaboda karibu na vituo, na vyama vya waendesha bodaboda vishirikishwe tangu mwanzo. Mamlaka zikichagua njia rahisi ya kuziba kila mwanya kwa nguzo, zitakuwa zimemkinga mwendesha baiskeli kwa kumfungia nje.

Neno bodaboda lenyewe liwakumbushe wote kwamba baiskeli na biashara ya mipakani ni ndugu wa damu. Lilizaliwa Busia, ambako vijana wa miaka ya 1960 waliwabeba abiria na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, "boda" hadi "boda", kabla pikipiki hazijalirithi jina hilo. Katika kivuko kidogo kati ya Goma na Rubavu, watu wenye ulemavu huvusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Goma yenyewe ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio inayobeba makaa, viazi na saruji, na jiji likaisimamishia sanamu mwaka 2009. Magharibi mwa Burundi, vijana hushuka milimani kuelekea Bujumbura na mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli. Hawa hawahitaji kuhamasishwa kupanda baiskeli. Wanachohitaji ni mahali pa kupita bila kufa.

Serikali za ukanda huu zimelijibu suala hili kwa namna tofauti. Machi 2022 Bujumbura iliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji. Jiji lililochoshwa na ajali na msongamano lina haki ya kutafuta utulivu. Hata hivyo amri ya namna hiyo haiondoi mzigo. Mzigo hubaki pale pale ukingoni mwa jiji, na bei ya kuufikisha sokoni hupanda kwa sababu sasa lazima ukodi gari. Anayelipa ni mama aliyenunua mikungu kumi, na baada yake mlaji.

Nairobi ilichukua njia nyingine kwa maandishi. Sera ya jiji hilo ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Ni ahadi ambayo kila jiji katika Jumuiya lingeweza kuiiga. Ni ahadi pia inayofundisha kwamba asilimia kwenye karatasi haijengi ukingo wa zege mpaka mtu aulize, mwaka hadi mwaka, fedha zimekwenda wapi. Kampala kwa upande wake ilichagua barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum, karibu na stendi kongwe ya teksi na maduka ya jumla ya Kikuubo, kuwa eneo la majaribio la watembea kwa miguu na baiskeli. Uchaguzi wa mahali ulikuwa wa busara, kwa sababu ndipo penye wafanyabiashara. Lakini kipande kimoja, hata kikiwa kizuri, hakimfikishi mtu nyumbani wala mzigo ghalani.

Hilo ndilo somo la Seville, jiji la kusini mwa Hispania. Baada ya mwaka 2006 halikujenga kipande cha maonyesho na kusubiri miaka kumi. Lilijenga mtandao uliounganika wa njia zilizokingwa, upatao kilomita 120 ndani ya miaka michache, na safari za baiskeli ambazo awali zilikuwa chache mno zikaongezeka kwa kasi. Watu hawakubadilika tabia kwa mahubiri. Walibadilika kwa sababu njia ilianza walipo na kuishia walikokuwa wakienda.

Watakuwapo watakaosema barabara zetu ni nyembamba na hazina nafasi ya kugawa. Hoja hiyo ipimwe kwa futi, isipimwe kwa mdomo. Katika barabara nyingi za kati ya miji yetu, upande mzima umejaa magari yaliyosimama kutwa nzima bila kumbeba mtu wala mzigo. Gari moja lililoegeshwa hula nafasi ambayo kwa saa moja ingepitisha maguta mengi. Swali si kama nafasi ipo. Swali ni nani amepewa.

Watasema pia kwamba baiskeli ni usafiri wa maskini, na mji unaoendelea haujengi kwa ajili ya kurudi nyuma. Takwimu za Shirika la Afya Duniani ziwajibu. Watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Afrika ina takriban asilimia 3 tu ya magari yote duniani, lakini karibu kifo kimoja kati ya kila vifo vitano vya barabarani hutokea barani humu. Bara lenye magari machache kiasi hicho na makaburi mengi kiasi hicho haliwezi kusema limejenga barabara kwa ajili ya maendeleo. Nyuma ya kila mmoja wa waliokufa kuna mtaji uliozikwa naye, na mara nyingi watoto waliokuwa wakisomeshwa na mtaji huo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefanya kazi kubwa mipakani. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Vituo vya pamoja vya mpakani kama Busia na Namanga vimepunguza mlolongo wa mihuri. Utaratibu uliorahisishwa wa biashara unamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za ukanda huu zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani apite kwa cheti chepesi cha uasili. Wengi wanaonufaika na utaratibu huo ni wanawake wanaobeba mtaji wao wote katika safari moja. Lakini faida ya saa mbili zilizookolewa mpakani huyeyuka ikiwa mzigo utakwama saa mbili kati ya duka na stendi. Ushuru usioandikwa wa barabara mbaya haukomeshwi na afisa wa forodha.

Muda wa kusema ni sasa, kwa sababu ujenzi haujaisha. Dar es Salaam inaendelea kupanua mwendokasi: baada ya Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, kuna njia ya Gongo la Mboto na ile ya Tegeta, na mipango inaitaja Barabara ya Mandela. Mandela ndiyo barabara ya malori yanayotoka bandarini na kuelekea Ubungo, kisha Kongo, Zambia, Rwanda na Burundi. Hakuna barabara katika jiji hilo ambapo baiskeli na lori la kontena hukaribiana zaidi. Umoja wa waendesha baiskeli wa jiji, UWABA, umekuwa ukidai njia salama tangu kabla ya mwendokasi kuanza. Sauti hiyo sasa iungwe mkono na wenye mizigo.

Gazeti hili linapendekeza kipimo kimoja kilicho wazi kwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, TANROADS, TARURA na mamlaka nyingine za aina hiyo katika nchi jirani. Kabla mkandarasi hajakabidhi barabara yoyote ya mjini yenye njia ya baiskeli, guta lililopakiwa mzigo kamili lipitishwe kwenye njia hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, mchana wa siku ya soko, likiendeshwa na mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Kila mahali atakaposhuka kusukuma, atakapolazimika kurudi kwenye lami, au atakapokwama kwenye nguzo, paandikwe na parekebishwe kwa gharama za mradi. Kipimo hicho hakihitaji kompyuta wala mshauri kutoka nje. Kinahitaji siku moja na uaminifu.

Nchi wanachama nazo zikubaliane kiwango kimoja kwa barabara kuu za Ukanda wa Kati na Ukanda wa Kaskazini zinapopita mijini na zinapokaribia vituo vya mpakani. Upana, aina ya ukingo, alama na taa zifanane Rusumo, Mutukula, Malaba na Namanga, ili dereva na mwendesha baiskeli wasijifunze upya sheria za barabara kila wanapogongewa pasi.

Wafanyabiashara wenyewe wana sehemu yao. Kupakia mzigo juu ya njia ya baiskeli kwa sababu "ni dakika tano tu" ni kumsukuma mwingine mbele ya lori, na kesho huyo mwingine atakuwa anabeba mzigo wako. Vyama vya wafanyabiashara vya Kariakoo, Kikuubo, Gikomba na kwingineko vihudhurie mikutano ya maoni ya miradi ya barabara kama vinavyohudhuria mikutano ya kodi, na viende na vipimo mkononi: upana wa guta, uzito wa mzigo, saa za kupakua. Mhandisi anayechora njia ya baiskeli bila namba hizo atachora kwa kukisia, na kosa lake litadumu miaka thelathini kwenye zege.